UCHAMBUZI: Sheria ya kuwakinga wanaodhulumiwa nyumbani ipo, ushahidi ndio unaopotea

NDUGU wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune.

Methali hiyo ina hekima yake pale ambapo ugomvi ni wa maneno na wagombanao wana nguvu sawa. Lakini kwa miaka mingi imekuwa ikitumiwa vibaya na majirani, wazee wa ukoo, machifu na, la kusikitisha zaidi, maafisa wa polisi wanaoketi nyuma ya meza ya kupokea malalamishi. Mwanamke anafika kituoni usiku, uso umemvimba, na swali la kwanza analoulizwa ni iwapo mambo hayo hayawezi kusuluhishwa nyumbani. Anarejea alikotoka. Kitabu cha matukio, kile ambacho Wakenya wamezoea kukiita OB, kinabaki bila mstari hata mmoja kumhusu. Siku kesi itakapofika mahakamani, ikiwa itafika, wakili wa mshtakiwa atasimama na kuuliza: kama kweli alipigwa usiku ule, mbona hakuripoti?

Hapo ndipo kesi nyingi za dhuluma za nyumbani humalizikia. Si kwamba nchi hii haina sheria. Sheria tunazo, na baadhi yake ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kinachokosekana ni ushahidi, na ushahidi huo haupotei mahakamani. Hupotea katika saa za kwanza baada ya kipigo, nao hupotea kwa sababu tumeamua, bila kusema waziwazi, kwamba kazi ya kuukusanya ni ya yule yule aliyejeruhiwa.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutotendewa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa umma au kwa watu binafsi. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Yanamaanisha kwamba kuta za nyumba haziwezi tena kutumiwa kama kinga. Miaka mitano baadaye, mnamo Mei 14, 2015, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, baada ya miswada ya awali kukwama bungeni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilianza kutumika Juni mwaka huo.

Sheria hiyo haizungumzii makofi na mateke pekee. Inataja vitisho, matusi, unyanyasaji wa kiakili, kumfuatafuata mtu, kumharibia mali, kuingia kwake kwa nguvu, kumnyima haki ya kutumia vifaa vya nyumba anamoishi, na dhuluma za kiuchumi. Inataja ndoa za utotoni, ukeketaji, kurithiwa kwa lazima kwa wajane na hata mashemeji na wakwe wanaoingilia ndoa. Inataja pia ukatili wa kingono ndani ya ndoa, jambo la ajabu kidogo, maadam Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ingali na kifungu, cha 43(5), kinachowaondoa wanandoa halali katika maelezo ya kitendo kisicho cha hiari. Kwa maneno mengine, mume anayemlazimisha mkewe anaweza kuzuiwa na agizo la mahakama chini ya sheria moja, huku sheria nyingine ikisita kumwita mbakaji. Bunge halijautatua ukinzani huo, na sioni haraka yoyote.

Wala sheria hiyo haiwahusu waume na wake pekee. Inawakinga waliotalikiana, waliowahi kuchumbiana, waliozaa pamoja, wanaoishi nyumba moja, jamaa wa ukoo, na wale walio na uhusiano wa karibu hata kama hawakuwahi kufunga ndoa.

Jambo muhimu zaidi ndani yake, na ambalo wananchi wachache wanalifahamu, ni agizo la ulinzi. Mtu anayedhulumiwa anaweza kwenda mahakamani kuomba agizo la kumzuia mdhulumu asimpige, asimtishe, asimkaribie, asimtumie watu wengine, na hata asikanyage nyumba wanamoishi, iwe nyumba hiyo ni ya nani. Hakimu akiridhika kwamba kuchelewa kunaweza kuleta madhara, anaweza kutoa agizo la muda kabla hata ya kumsikiliza mlalamikiwa. Aliyezuiwa na hofu au udhaifu wa mwili anaweza kuombewa na mtu mwingine. Mahakama inaweza pia kuamuru fidia. Anayekiuka agizo hilo anatenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Aidha, na hapa ndipo pana tofauti kubwa, ombi hilo ni la madai, si la jinai. Katika kesi ya jinai, kiongozi wa mashtaka hana budi kuthibitisha kosa pasi na tashwishi yoyote ya maana. Katika ombi la agizo la ulinzi, mwombaji anatakiwa tu kuonyesha kwamba yaelekea zaidi kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Mlima umekuwa kilima. Arafa tatu za vitisho, nambari ya OB, hati ya kiapo ya jirani na karatasi ya matibabu, vitu ambavyo pengine havingetosha kumfunga mtu gerezani, vinaweza kutosha kumtoa nyumbani.

Ajabu ni kwamba njia hii haitumiwi inavyostahili. Kanuni za kuitekeleza sheria zilichapishwa 2020, miaka mitano baada ya sheria yenyewe. Polisi wengi bado wanafikiria mambo mawili tu: kumkamata mshukiwa au kuwapatanisha. Kifungu cha sita kinamwagiza afisa anayepokea malalamishi amweleze mlalamishi haki yake ya kuomba agizo la ulinzi, haki yake ya kufungua mashtaka, na jinsi ya kupata matibabu na mahali salama pa kujihifadhi. Mlalamishi pia ana haki ya kuandikisha taarifa kwa afisa wa jinsia yake. Haya ni masharti ya sheria. Hayatolewi kama fadhila.

Ili kuona gharama ya kuyapuuza, tukumbuke yaliyotokea Endebess, Kaunti ya Trans Nzoia. Mnamo Septemba 1, 2024, mwanariadha Rebecca Cheptegei wa Uganda, ambaye wiki chache tu zilizotangulia alikuwa amekimbia mbio za marathoni katika Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Alifariki Septemba 5 katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret. Siku chache baadaye mwanamume huyo naye alifariki kutokana na majeraha ya moto ule ule.

Ripoti za awali za maafisa zilizungumzia mzozo wa kipande cha ardhi na ugomvi wa kifamilia wa mara kwa mara. Jamaa zake nao waliwaeleza wanahabari kwamba mgogoro ule ulikuwa umefikishwa kwa vyombo vya usalama kabla ya siku hiyo. Hebu tuyatazame maneno “mzozo wa ardhi” kwa jicho la sheria ya 2015. Mtu uliyekuwa na uhusiano naye anakufuata kwako, anakusumbua, anadai nyumba unamoishi: hayo yote yamo katika orodha ya dhuluma za nyumbani. Mzozo ukiandikwa kuwa wa ardhi, unaelekezwa kwa chifu na kwa maafisa wa ardhi. Ukiandikwa kuwa dhuluma, unafungua mlango wa agizo la ulinzi. Namna mlalamishi alivyoandikwa kitabuni ndiyo inayoamua anakoelekezwa.

Tena zingatia kwamba kwa kuwa mshukiwa alifariki, hapakuwa na kesi ya mauaji ya kusikizwa. Ushahidi wowote uliokuwapo baada ya moto haukuwa na mahakama ya kwenda. Ushahidi pekee ambao ungemfaa marehemu ni ule wa kabla ya Septemba 1.

Sitaki kujitoa katika lawama. Kwa miaka mingi nimehariri kurasa za habari, na siwezi kuhesabu ni mara ngapi nimepitisha maneno “ugomvi wa kinyumbani” katika taarifa ya mtu mmoja aliyempiga mwingine asiyerudisha hata kofi. Ugomvi huwa wa wawili. Tuliandika hivyo kwa kuwa polisi waliandika hivyo, na nafasi ya kichwa cha habari ilikuwa finyu.

Sasa, ushahidi ni nini hasa, na hukusanywa vipi?

Wa kwanza ni ule mstari katika kitabu cha OB. Una tarehe, saa na nambari. Mlalamishi anapaswa kuiomba nambari hiyo na kuiandika mahali, kwani bila yake kila hatua inayofuata huwa ngumu. Hata kama hataki mtu akamatwe siku hiyo, hakuna sheria inayomnyima haki ya tukio lake kuandikwa. Matukio matatu yaliyoandikwa kwa vipindi tofauti huonyesha mwenendo, na mwenendo ndio hakimu anaotaka kuuona anapopima hatari.

Wa pili ni fomu ya P3. Polisi hujaza sehemu ya kwanza, kisha daktari au afisa wa kliniki hueleza majeraha: yapo wapi mwilini, yana umri gani kwa makadirio, yalisababishwa na kifaa butu au chenye makali, na ukubwa wake kisheria ni upi. Hilo la umri wa jeraha ndilo linalowaponza wengi. Alama nyekundu ya jana hugeuka samawati, kisha kijani, kisha hutoweka. Anayekwenda hospitalini baada ya siku tisa, kwa kuwa wazee walimwomba asubiri kikao, hupata fomu inayosema kwamba hakuna jeraha linaloonekana. Fomu hiyo haisemi uongo, lakini itamwangusha.

Isieleweke kwamba lazima mtu aende kituoni kabla ya kutibiwa. Maisha kwanza. Rekodi za matibabu za usiku ule zinaweza kutumiwa baadaye kujaza P3, mradi tu mgonjwa amemwambia daktari ukweli. Mara ngapi tumesikia “nimeanguka bafuni”? Maneno hayo yakishaandikwa kwenye karatasi ya hospitali, hufuata kesi kama kivuli. Fomu yenyewe ya P3 hutolewa bila malipo, ingawa kuna hospitali ambako waathiriwa hulalamika kwamba hutozwa ada ya kuijaza. Kwa mama anayetegemea pesa za mtu yule yule aliyempiga, ada ya aina hiyo inatosha kuizima kesi.

Palipo na shambulio la kingono, kuna fomu ya pili, PRC, inayojazwa hospitalini na ambayo nakala yake hupewa polisi. Hapa muda ni mfupi zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na sampuli kutoka mwilini hufaa zaidi kadiri zinavyochukuliwa mapema. Mwathiriwa anashauriwa asioge, asifue, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huoza kila kitu.

Jirani yetu mmoja, miaka mingi iliyopita, alipigwa kichwani kwa mguu wa kiti. Kabla ya kwenda kituoni alioga, akaifua leso iliyolowa damu, akavaa nguo safi. Hangeweza kupita mbele za watu katika hali ile, alituambia. Afisa aliyempokea alimtazama akauliza damu iko wapi. Alirudi nyumbani na leso ikiwa bado imeanikwa kwenye kamba. Kila nikisikia wataalamu wakiwaambia wanawake wasifue, humkumbuka yule mama. Aibu iliyomfanya afue hakuizua yeye, na kumwambia tu asione aibu hakumsaidii sana iwapo mlango wa kituo ndio uo huo na swali ndilo lilo hilo.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Dhuluma nyingi hazina shahidi wa nje, ndiposa simu ya mkononi imekuwa shahidi mkubwa wa zama hizi. Arafa za vitisho, jumbe za sauti, picha za majeraha, rekodi za simu zilizopigwa mara 40 usiku mmoja, taarifa za M-Pesa zinazoonyesha mshahara ukihamishwa kila mwisho wa mwezi kwenda kwa mtu mmoja: vyote hivi mahakama huweza kuvipokea. Hata hivyo, Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka nakala ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyopatikana na kwa kifaa kipi, kikiwa kimetiwa saini na anayehusika. Kesi zimeyumba kwa kukosa karatasi hiyo moja. Simu yenyewe ihifadhiwe. Ujumbe usifutwe hata kama unachoma moyo, na nakala itumwe kwa ndugu au rafiki anayeaminika, kwa maana simu ndicho kitu cha kwanza kuvunjwa.

Lakini tahadhari. Kuvamia simu au akaunti ya mwenzio bila ruhusa ili kutafuta ushahidi ni kosa chini ya Sheria ya Uhalifu wa Mitandao ya 2018, na Katiba yenyewe inaagiza kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupwe iwapo utaifanya kesi isiwe ya haki. Hifadhi kilichotumwa kwako. Usiibe ambacho hukutumiwa. Isitoshe, hakuna ushahidi unaostahili kutafutwa kwa kuhatarisha uhai, na anayechukua picha huku mlango umefungwa na mwenye hasira yumo ndani anafanya kosa ambalo hakuna hakimu atakayelirekebisha.

Kuna dhana nyingine inayopaswa kuvunjwa, kwamba mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Si kweli. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinasema wazi kwamba mume au mke anaweza kutoa ushahidi, na hata kulazimishwa kuutoa, pale ambapo mwenzake ameshtakiwa kwa kosa lililomdhuru yeye, mali yake au watoto wa mmoja wao. Kesi za makosa ya kingono pia zimo. Dhana hiyo potovu imewanyamazisha watu wengi, na nimewahi kuisikia kutoka kwa watu waliosoma.

Baada ya ushahidi kukusanywa, huja shinikizo la kuiondoa kesi. Sheria ya Taratibu za Jinai inaruhusu mahakama kuhimiza maridhiano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Nia yake ilikuwa njema. Kwa vitendo, ng'ombe wawili hutolewa kwa babake mlalamishi, binti huagizwa aende kumwambia hakimu kwamba amesamehe, na faili hufungwa. Nani aliulizwa? Hakimu mwangalifu humhoji mlalamishi kando, na huweza kukataa. Wasio waangalifu nao wapo. Jambo ambalo wazee hawaambiwi ni kwamba faili la jinai likifungwa, agizo la ulinzi bado laweza kuombwa kwa ushahidi ule ule, na hapo si lazima mtu yeyote afungwe.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya wanawake. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wenye umri wa kati ya miaka 15 na 49 waliwahi kutendewa ukatili wa kimwili tangu wafike umri wa miaka 15. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 27, na si wote walioumizwa na wake zao. Lakini mwanamume anayepigwa nyumbani analindwa na sheria iyo hiyo, maana haikubagua, na anapofika kituoni akachekwa, ushahidi wake hupotea vivyo hivyo. Ukweli unabaki kwamba wanaouawa zaidi na wapenzi wao ni wanawake. Polisi walitangaza kwamba visa 97 vya mauaji ya wanawake viliripotiwa kati ya Agosti na Oktoba 2024 pekee, mwaka ulioanza kwa maandamano ya Januari 27 katika miji kadhaa kupinga mauaji hayo.

Serikali imefanya machache ya kupongezwa. Mnamo Machi 2022, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia mjini Shanzu, Mombasa. Lakini mahakama bora kabisa husikiza kile tu ilicholetewa, na anayeileta kesi ni konstebo aliyekuwa zamu saa saba usiku. Laiti Idara ya Polisi ingeagiza kwamba kila tukio la aina hii liandikwe kwa jina lake la kisheria, si “ugomvi” wala “mambo ya familia”, na kwamba mkuu wa kituo apitie maandishi hayo kila asubuhi na kutia saini. Hilo halihitaji mswada mpya wala bajeti. Fomu za kuombea agizo la ulinzi nazo ziwekwe pale pale kituoni, kando ya zile za P3, ili anayetoka na moja atoke na nyingine.

Kwa sasa, anayehitaji usaidizi anaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 1195, inayoshughulikia dhuluma za kijinsia. Kwa watoto ni 116. Polisi hupatikana kwa 999 au 112.